Kiti Nilichokataa Kukalia

Nilimwambia Obadiah siku ya kwanza kabisa, tena nilimwambia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ili asije akasingizia kwamba hakunielewa: nitafundisha, lakini sitatafsiri. Na katika chumba cha wanawake sitaketi hata dakika moja. Akacheka, akanimiminia chai.

"Sawa, Mwalimu. Kwani nani amesema utaketi huko?"

Obadiah ndiye mwenye kliniki. Ni mzaliwa wa Marani kama mimi, na shamba la marehemu baba yake, Mose, limepakana na langu. Alipopata pesa alikodi jengo la ghorofa mbili hapa Nyanchwa, mjini Kisii, akaleta madaktari wawili kutoka Uchina, akatundika bango linalosema mashine yao ya picha huona kila kitu. Bango halikusema kwamba madaktari wenyewe walisomea udaktari wao wote kwa Kichina, na kwamba Kiingereza walikijua kama mtu anavyomjua jirani wa ng'ambo ya mto, kwa sura tu. Kabla vibali vyao havijafanywa upya, walitakiwa kupita mtihani wa kusoma Kiingereza cha hospitali. Ndipo Obadiah akanitafuta.

Nilikubali kwa sababu kazi hiyo naijua. Mimi Kiingereza sikukipata utotoni. Nilikipata nikiwa baba wa watoto, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, baada ya kutwa nzima shambani, nikikalia dawati la mtoto huku magoti yakinigusa kidevu. Mtu aliyejifunza hivyo anajua mahali msomaji anapojikwaa.

Daktari Luo, kijana wa meno, alikuwa mvivu na sitamtaja tena. Mwanafunzi wangu alikuwa Daktari Shen, mama wa makamo anayetibu wanawake. Maneno marefu ya magonjwa aliyajua kuliko mimi. Lakini alisoma jinsi kuku anavyodonoa: anachukua punje kubwa, zile ndogo anaziacha, kisha anabuni. Akisoma kwamba mgonjwa hana maumivu tena, yeye anaona "maumivu" na anaagiza dawa.

Kwa hiyo nilimwekea sheria. Kila akimaliza kifungu, kiwe cha hospitali au cha hadithi za wachuma majani ya chai nilizomletea, namuuliza: ni nani anayesemwa? Ilianza lini? Nini kimebadilika? Na mwisho: umeruka neno gani? Hilo la mwisho alilichukia. Daktari hapendi kukiri kwamba ameruka kitu. Nilimwambia jibu lake silitaki mpaka aniambie alichoruka.

Jioni moja alikifunga kitabu chake, kitabu cha Kiingereza cha wahudumu wa afya kilichochapishwa kwao, akakisukuma mbali.

"Mwalimu, kitabu hiki kinadanganya," alisema kwa Kiingereza chake cha vipande. "Hapa mgonjwa anaingia, anaketi, anaeleza yote. Wagonjwa wangu hawaelezi. Wanawake wote wanasema kichwa. Kichwa, kichwa. Napima kichwa. Kichwa ni kizima."

"Wa leo alikuja na nani?"

"Na baba."

"Baba yake, au baba wa mumewe?"

"Kuna tofauti?"

Nikacheka, kisha nikamweleza. Kwetu Gusii kuna adabu tunayoiita chinsoni. Mimi siingii nyumba ya mwanangu aliyeoa. Mke wake hawezi kutaja mbele yangu jambo la mwili wake, nami siwezi kumuuliza, hata awe anakufa. Si woga, wala si ujinga wa kijijini. Ndiyo heshima inayotuwezesha kuishi boma moja miaka mingi bila kuonana uchi wa maneno. Mwanamke aliyeletwa na baba mkwe atasema kichwa, kwa sababu kichwa kila mtu anakiona.

Daktari Shen akaandika kwa herufi zake, mistari mingi. "Hii haimo kitabuni," akasema.

"Haimo. Lakini Linet anaijua. Mwulize Linet."

Linet alikuwa muuguzi aliyeketi katika chumba hicho, binti mtulivu, akitafsiri kati ya Daktari Shen na akina mama. Baba mkwe akiingia, Linet alimtoa kwa upole, eti aende akaangalie kadi mapokezi. Kisha akafunga mlango, na wanawake wakasema.

Mwezi haukuisha, Obadiah akamfukuza.

Nilimkuta ofisini amevua viatu, anakula ndizi.

"Linet yuko wapi?"

"Nimempumzisha. Mzee, nitalipa mtu mshahara wa kuongea tu? Nimenunua hii." Akanionyesha simu iliyosimamishwa kwenye kishikio. "Unaongea Kiswahili, inatoa Kichina."

"Na Ekegusii?"

"Watajifunza Kiswahili. Si wako Kenya?"

"Nyanya wa Marani ajifunze Kiswahili kwanza ndipo aumwe?"

"Wacha, Mwalimu. Wewe fundisha maneno ya mtihani. Nimesikia unawasomesha hadithi za wachuma majani ya chai. Hiyo kwa mtihani haiko."

Nikamwambia baba yake angeona haya. Akasema baba yake alikufa bila hata kumwona daktari, hivyo haya hizo hazikumfaa kitu. Nikatoka. Jibu nililipata nikiwa nimeshafika barabarani, na jibu la barabarani halina maana.

Simu ile ilishindwa siku ya kwanza. Kiswahili chetu cha milimani iliking'ang'ania, ikatoa maneno ambayo Daktari Shen mwenyewe hakuyaelewa. Akaiweka kando. Kutoka hapo akawa anatibu kwa vidole na kwa kubahatisha.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nyumbani Marani napalilia migomba. Mke wa mwanangu Duke, Bochaberi, alikuwa ametoka mapema pamoja na jirani yetu Persis, wakisema wanakwenda sokoni Kisii. Duke anafanya kazi Narok. Simu yangu ikalia.

"Mwalimu, njoo haraka," Obadiah akasema. "Daktari Shen anakuhitaji. Panda bodaboda, mimi nitalipa."

Nilidhani ni jambo la mtihani. Nilipofika na fimbo yangu ya kutembelea, Obadiah alikuwa mlangoni. Akanishika kiwiko kama anayemsaidia mzee kuvuka maji, akanipitisha koridoni, akafungua mlango, na kabla sijauliza lolote nikajikuta nimesimama mbele ya kiti cha Linet.

Kitandani alikuwa ameketi Bochaberi.

Alikuwa amejikunja, mikono imebana shuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Aliponiona alijinyoosha, akajifunika shuka mpaka kifuani, akatazama ukuta. Alikuwa amechagua asubuhi kwa sababu alijua mimi hufundisha jioni. Alikuwa amesema sokoni ili nisijue. Amefanya kila linalopasa kufanywa na mke mwenye adabu, na Obadiah akanichukua kutoka migombani kwangu, akaniingiza hapo.

"Mwulize nini kinamuuma," Daktari Shen akasema.

Sikuuliza. Sikuhitaji, kwani Bochaberi alijibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwa Ekegusii, akiongea na ukuta na kuniita Tata, yaani baba.

"Tata, ni kichwa tu. Nikipata dawa ya kichwa nitapona."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Obadiah, aliyekuwa bado mlangoni, akasema, "Ehe, mtafsirie basi."

Ningetafsiri, ningekuwa nimetafsiri uongo, na uongo huo ungemuua. Ningemwambia aseme kweli, asingesema, na ningekuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Simu haikujua lugha yake. Linet alikuwa amefukuzwa. Nikageuka, mgongo ukamwelekea Bochaberi, nikamwambia Daktari Shen kwa Kiingereza cha polepole, neno baada ya neno:

"Huyu ni mke wa mwanangu. Alichosema mbele yangu usikiandike. Amesoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza anakiandika. Mpe kalamu na karatasi. Yeye aandike, wewe usome. Mimi natoka."

Najua Bochaberi alinisikia. Nilimsikia akipumua.

Nikapita. Nikamvuta Obadiah nje kwa tai yake, na Persis, aliyekuwa kwenye benchi la koridoni na kikapu chake, nikamwambia aingie akamshike mkono. Mlango ukafungwa.

"Mzee, umeharibu shati," Obadiah akasema.

"Ulijua ni nani."

"Nilijua, ndiyo. Nilipoona jina kwenye kadi, nikasema, ah, huyu ni wa Mwalimu. Nani atamtafsiria vizuri kuliko mtu wa nyumbani?"

Mgeni angesema hivyo ningemsamehe. Daktari Shen angesema hivyo ningemfundisha. Lakini huyu alilelewa kwa uji wa boma lile lile, na mama yake alikuwa akipita nyuma ya nyumba asikutane na baba mkwe njiani. Hakuwa amesahau. Aliona tu kwamba kukumbuka kuna gharama.

"Hiyo ni mambo ya zamani," akaendelea. "Sasa ni hospitali. Hapa hakuna baba mkwe."

"Mama yako akiugua, mlete hapa. Nitamleta shemeji yako, mume wa dada yako, nimkalishe katika kiti hicho, amuulize mama wa mke wake kinachomuuma. Utasimama mlangoni uniambie ni mambo ya zamani."

Akaanza kuinyoosha tai yake.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Shen alitoka na karatasi mkononi, akanijia moja kwa moja kama ajavyo darasani, kidole chake kikiwa juu ya mstari.

"Mwalimu. Nimesoma. Nafikiri naelewa. Sina hakika. Tazama hapa."

Nikafumba macho. Ni jambo la ajabu kwa mwalimu kufumba macho mbele ya mwanafunzi anayeomba kusomewa mstari mmoja, na ndani kuna mtu anayeugua. Nikasikia mkono wa Obadiah ukiishika karatasi. Nikaupiga mkono huo kwa fimbo, na bado nilikuwa nimefumba macho, hivyo sijui nilimpata wapi. Nilisikia akilalamika.

"Usinisomee," nikamwambia Daktari Shen. "Wala usinijibu. Jibu moyoni. Ni nani anayesemwa?"

Nikahesabu pumzi mbili.

"Ilianza lini? Unajua?"

"Najua."

"Nini kimebadilika tangu ianze? Unajua?"

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Umeruka neno gani?"

Nikasikia kidole chake kikirudi mwanzo wa karatasi.

"Mawili," akasema. "Madogo. Nilidhani si kitu."

"Rudi ndani. Mwonyeshe kwa kidole. Ayaandike upya kwa njia nyingine, au aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe. Usibuni. Ukibuni leo nitakuona hujawahi kusoma."

Akarudi. Nikafumbua macho. Obadiah alikuwa ananyonya kifundo cha kidole, akinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo na Daktari Shen akapita mbio kwenda mapokezi, akiita ambulensi kwa Kiingereza ambacho kila mtu alikielewa.

Walimpitisha Bochaberi akiwa kitandani. Nikageukia ukuta mpaka magurudumu yalipopita. Akafanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa mjini kabla ya saa sita. Persis, aliyekwenda naye, alirudi kliniki jioni na khanga iliyokunjwa ndani ya kikapu, akaketi kwenye benchi, akaniambia, "Yuko hai. Ameniomba maji." Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Nilimshukuru Mungu palepale koridoni, nikiwa nimevaa viatu vyenye matope ya migombani.

Obadiah akatoka ofisini anatabasamu. Alikuwa ameshazungumza na hospitali kwa simu.

"Umeona, Mwalimu? Mambo yamekwenda sawa. Daktari wangu ameokoa mtu. Unajua ilikuwa nini? Wanasema ilikuwa—"

Persis akasimama. Ni mama mfupi, na tumbo la Obadiah lilikuwa usawa wa uso wake.

"Obadiah wa Mose," akasema, "ukimalizia hilo neno mbele ya mzee huyu, kesho nitasimama sokoni Marani niwaambie wanawake wote kwamba kwako baba mkwe anatangaziwa ugonjwa wa mke wa mwanawe. Uone kama bango lako litakuletea hata mwenye jino bovu."

"Mama, nilikuwa nataka tu ajue."

"Ajue ili iweje? Atampasua tena?"

Obadiah akaliacha neno hapo hapo. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumwambia kuhusu baba yake na kuhusu Linet. Nikaona maneno yangu yote yangekuwa madogo kuliko ya Persis, nikachukua kofia yangu.

Sikurudi kufundisha. Jumatano alipiga simu, sikupokea. Alhamisi akamtuma Daktari Shen apige, naye nilipokea kwa sababu yeye hana kosa.

"Mwalimu, mtihani uko karibu."

"Mwambie mwenye kliniki kwamba siku Linet atakapokaa katika kiti kile, mimi nitakaa katika changu."

"Nimemwambia," akasema. "Nimemwambia pia kwamba mimi sitaingia chumba hicho bila Linet. Nimeandika. Nimesoma mara tatu kabla ya kumpa."

Linet amerudi. Obadiah amemrudishia mshahara ule ule, na anasimulia watu kwamba hakumfukuza, alimpa likizo. Mimi nafundisha jioni kama zamani. Tukikutana koridoni ananisalimu, "Habari ya jioni, Mwalimu," na mimi napita.

Bochaberi yuko nyumbani. Ameanza kutembea mpaka kisimani. Duke alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Najua Bochaberi alipelekwa hospitali, najua alipasuliwa, najua yuko hai. Jina la ugonjwa wake silijui, na mtu yeyote atakayejaribu kuniambia nitampiga fimbo.