Jiko la Wamucii Lililojizima Lenyewe

Mimi si mtu wa kuelekezwa kazi yangu. Huu ni mwaka wa kumi na nne nikitengeneza majiko ya gesi mjini Nyeri, na mpaka leo kuna wanaume wanaosimama nyuma yangu kunifundisha jinsi ya kushika bisibisi. Kwa hiyo Gatimu aliponipigia simu Ijumaa jioni na kunipa amri kama mtoto anayetumwa dukani, nilivimba.

"Shiro, kesho asubuhi nenda kwa mathe, hapo Wamagana. Toa hiyo jiko ya gesi uende nayo. Sitaki hata pesa. Mimi nitafika saa nane kumchukua."

"Jiko iko na shida gani?"

"Jiko haina shida. Shida ni mathe. Anasahau."

Akanieleza. Mara mbili mwezi huo, jirani mmoja aitwaye Watiri alikuwa ameingia jikoni kwa mama yake akakuta harufu ya gesi imejaa, swichi iko wazi, moto hakuna. Mama mwenyewe alikuwa nje, anachambua maharagwe. Gatimu anafanya kazi Nairobi na hana ndugu aliye karibu. Basi akaamua: mama atahamia kwake Nairobi, na ng'ombe atauzwa kwa Najib, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, ambaye angekuja Jumatatu.

"Mara mbili, Shiro. Ya tatu nitaitwa kuzika," alisema. Hapo hasira yangu ikapungua.

Nilifika Wamagana saa tatu asubuhi, nyasi bado zina umande. Wamucii alikuwa amesimama mlangoni amevaa sweta mbili na kitambaa kichwani. Nyuma yake niliona mifuko miwili imefungwa kwa kamba, tayari kwa safari.

"Wewe ndio fundi? Si wewe ni msichana?"

"Ni mimi, cucu," nikamjibu, jinsi tunavyowaita bibi kwetu.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Alikuwa anataka kijana, akapata mimi."

Akacheka, akanishika mkono kunisalimu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, vigumu, na viungo vimevimba. Niliuliza kama bado anakamua na vidole hivyo. Akasema anakamua kwa viganja, polepole, na ng'ombe wake ni mpole sana, humngojea.

Nilipoweka mkoba wa vyombo chini jikoni, alifunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Kairitu kakwa, msichana wangu, kabla utoe hiyo jiko, iangalie kwanza. Iangalie vizuri. Mimi najua nilikuwa nimewasha. Mara zote mbili. Niliwasha, nikaweka uji, nikaona moto na macho yangu." Akajishika kichwa. "Ama ndio naanza kusahau. Mama yangu alisahau mpaka jina yangu, akawa ananiita msichana wa jirani. Ukiona ni mimi, niambie tu. Usinifiche."

Nimeombwa mambo mengi na wenye majiko. Wengine huomba bei, wengine huomba nisimwambie mume ni nani aliyevunja kioo. Sijawahi kuombwa niseme kama kichwa cha mtu kizima. Nilimwambia akae kwenye kigoda, na nikaanza kazi kana kwamba sikuambiwa niling'oe jiko hilo.

Lilikuwa jiko la meko manne, la zamani kidogo, la aina isiyojua kukata gesi yenyewe moto ukizimika. Nilianza kwenye mtungi. Nilikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, nikapaka povu pale mpira unapoingia, kisha nikaufuata mpira wote mpaka nyuma ya jiko. Gesi ikivuja, povu hufanya mapovu makubwa. Hapakuwa na hata moja. Nikayaangalia matundu ya vichwa vya moto. Yalikuwa safi kuliko ya hoteli nyingi ninazozijua mjini. Nikafunga dirisha ili upepo usisingiziwe.

"Ni gani inajizima?"

"Hii ya mbele, ya kulia. Ndio ya uji. Naweka moto kidogo, nusu saa hivi. Lakini siku nyingi napika na kuni."

Nikaiwasha. Moto ulisimama wa bluu, mzuri, haurukiruki. Nikauacha mkubwa kwa dakika kumi na sufuria ya maji juu yake. Hakuna kitu. Nilimwona Wamucii akiinamisha kichwa, na moyo ukaniuma. Nikaushusha moto mpaka ukawa mdogo kabisa, nikavuta kigoda, tukangoja wote wawili. Aliniuliza kama nimeolewa. Nikasema nilikuwa nimeolewa. Akasema hata jiko zuri hukutana na fundi mbaya, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mimi ndiye niliyecheka.

Dakika ya kumi na nane moto ulizimika. Haukulia, haukutetereka, uliondoka tu. Nikahesabu moyoni, na kabla sijafika kumi nikasikia gesi inaanza kupita tena, fyuuu, na harufu ikaja. Swichi haikuguswa na mtu. Niliruka nikafunga mtungi na kufungua dirisha.

"Cucu, umeona?"

"Nimeona! Imejizima!"

Nilingoja jiko lipoe kiasi, nikainua bamba la juu, nikafungua skrubu mbili ndogo za koki, kifungulio cha gesi kilicho nyuma ya swichi, na kuchomoa kile kipande cha shaba cha katikati kinachozunguka swichi ikizungushwa. Kina tundu kubwa la moto mkubwa, na kitundu chembamba kama ncha ya sindano cha moto mdogo. Nikakipangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na kitu laini, chenye utelezi, nikakinusa. Harufu ile kila mtu wa Nyeri anaijua tangu utotoni.

Huku kwetu jeli ya kukamulia ni dawa ya kila kitu. Tunawapaka ng'ombe chuchu, tunapaka visigino vilivyopasuka, uso wa mtoto wakati wa baridi, bawaba za mlango, cheni ya baiskeli. Lakini koki ya gesi ina grisi yake, isiyoyeyuka. Jeli ikipata joto inakuwa maji, inatiririka na kuziba kile kitundu, moto unakufa. Kisha gesi inaisukuma, inapata njia, inaendelea kutoka bila moto. Mtu akirudi anakuta swichi wazi na moto hakuna, na anadhani alisahau kuwasha.

Nilimweleza hivyo hivyo. "Si kichwa chako, cucu. Kichwa chako ni kizima. Ni jiko."

Wamucii aliinuka. Akaushika uso wangu kwa vile vidole vyake vigumu, akacheka na machozi yakamtoka, akapiga hatua mbili za ngoma pale kwenye sakafu ya saruji. "Kichwa yangu iko sawa! Watiri nitamwambia leo leo!" Nilifurahi sana. Na nikifurahi mdomo wangu hauna breki.

"Kuna mjinga mmoja tu," nikasema, nikimwonyesha kitambaa, "amefungua koki akapaka jeli ya ng'ombe. Mtu kama huyo angekuua."

Akakitazama kitambaa. Akakinusa. Kicheko kikaisha usoni mwake, na akarudi kuketi polepole.

"Irudishe vile ilikuwa," akasema. "Toa jiko uende nayo, kama Gatimu alisema."

Nilidhani sikusikia. "Cucu, naitengeneza saa moja tu. Huhitaji kuhama."

"Nimesema uitoe."

Hapo nikawaka. Nikamwambia sikutoka mjini na baridi ile kuchezewa, kwamba aliniomba ukweli nikampa, na sasa ati anautupa. Aliningoja nimalize, jinsi mama anavyomngoja mtoto amalize kulia.

"Krismasi," akasema, "hizi swichi zilikuwa ngumu. Vidole yangu haiwezi. Gatimu akaniona nikizungusha na meno ya koleo. Akachukua bisibisi, akapiga magoti hapo, masaa mbili, na nguo ya kanisa. Akimaliza akaniambia, maitu, jaribu sasa. Zikazunguka laini. Alifurahi vile alifurahi siku alipita mtihani." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Huyo mjinga ni yeye. Sasa wewe umwambie ati nusura aniue? Huyo kijana hatalala tena. Afadhali akuwe na mama mwenye kusahau."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sina mtoto, na nakiri kwamba mpaka siku ile nilikuwa nikiusema msemo huo bila kuuelewa. Niliona haya kwa neno nililolitumia. Lakini pia mimi sidanganyi kuhusu jiko. Baba yangu aliniachia vyombo vyake na sharti hilo moja. Tukabishana, yeye kwa upole na mimi kwa kelele, mpaka tukapatana: nitairudisha koki ilivyokuwa, jeli na yote, Gatimu auone moto ukijizima kwa macho yake. Nitasema koki imeziba. Imeziba na nini, sitasema.

Gatimu alifika saa nane na dakika kumi, mwanamume mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. "Maitu," akamsalimu mama yake, akamkumbatia.

"Karibu, baba," akajibu Wamucii. Anamwita baba kwa sababu alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa Wamucii. Kwetu mtoto kama huyo ni mwana na ni baba papo hapo.

Kisha Gatimu akaliona jiko mahali pake. "Shiro, nilikwambia nini?"

"Kaa hapo," nikamwambia. "Usiguse kitu. Angalia moto."

Sijui kwa nini alinitii. Tukaketi watatu, dirisha limefunguliwa nusu, sufuria ya maji juu ya moto mdogo. Maisha yangu yote ninangoja moto ushike. Siku hiyo nilikuwa nikiomba ufe. Dakika kumi na tano. Ishirini. Moto ukawaka tu, mzuri, wa bluu. Gatimu akaangalia saa, akamtazama mama yake kwa huruma ile inayoumiza, na Wamucii akaanza kuchezea kamba ya mfuko wake. Dakika ya ishirini na tatu Gatimu akasimama. "Shiro, asante, lakini twende."

Moto ukazimika.

Gatimu akabaki amesimama. Gesi ilipoanza kutoka tena aliinama akaiangalia swichi, akaona iko palepale. Nikafunga mtungi, nikatoa sufuria na kuinua bamba la juu kwa kitambaa. Akamgeukia mama yake.

"Maitu, nilikwambia unasahau. Nikakwambia mbele ya Watiri."

"Si kitu, baba."

"Nikaweka ng'ombe kwa soko." Akanigeukia. "Inafanya hivyo kwa nini?"

"Koki imeziba."

"Imeziba na nini?"

Nilimtazama Wamucii. Nilikuwa nimeahidi, na mdomo wangu, kwa mara moja, ulitulia.

"Ni mimi," Wamucii akasema haraka. "Nilipaka jeli ya kukamulia huko ndani. Zilikuwa ngumu. Sikujua ni mbaya. Huyu fundi amenigombeza vizuri."

Gatimu alikuwa akiitazama mikono ya mama yake, imelala mapajani, vidole vimepinda kila kimoja upande wake. Akazitazama zile skrubu, ndogo kama mbegu za wimbi. Akakaa sakafuni.

"Maitu, wewe huwezi kufungua hiyo. Ni mimi. Krismasi. Nilichukua mkebe kwa boma ya ng'ombe."

"Ulikuwa unanisaidia."

"Ulijua?"

"Leo asubuhi. Huyu alinionyesha."

"Na bado mifuko iko kwa mlango?" Alikuwa analia waziwazi sasa, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. "Ungekubali twende? Uache nyumba yako, uache ng'ombe, watu waseme kichwa imeharibika, ndio mimi nisijue?"

Wamucii aliteremka kutoka kwenye kigoda kwa shida, akaketi sakafuni kando yake, akamwekea mkono begani.

"Ningeenda, baba," akasema. "Nairobi si mbali."