Kitufe cha Polycarp

Saa mbili na dakika kumi asubuhi Mwanne aliweka mezani kikombe cha chai ya rangi na vitumbua viwili, akawasha kompyuta, akaandika jina la Polycarp na paswedi ya Polycarp, akakuta kitufe cha Chapisha kimehamia mwisho wa kushoto. Ijumaa alipofunga kazi kilikuwa kulia, jirani na kitufe cha Tafuta, mahali alipokiweka yeye mwenyewe. Kushoto ndiko alikopenda Polycarp, ambaye alishika mausi kwa mkono wa kushoto. Polycarp alikuwa na siku arobaini na moja kaburini.

Mwanne akafungua Mipangilio, akaingia pale panapopangwa ule upau wa vitufe unaokaa juu ya skrini, akakiburuta Chapisha hadi kulia, akahifadhi. Akala kitumbua kimoja. Alipomaliza kufuta mafuta vidoleni, kitufe kilikuwa kimesharudi kushoto.

"Mtani wako huyo," alisema Klara wa meza ya pili, bila kuinua macho. "Mwache achoke."

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, na kazi yao ilikuwa kuuza kwa jumla chupa za chai, ndoo na mabeseni ya Bwana Shaibu. Mzigo wenyewe ulikaa ghala la Jangwani. Kompyuta zilikuwa tatu, lakini jina la kuingilia lilikuwa moja tu. Siku programu ya stoo ilipowekwa, Polycarp, mtunza stoo, ndiye aliyewahi kufika, basi likaandikwa jina lake, na Bwana Shaibu hakuona sababu ya kuandikisha mengine. Kwa miaka minne kila aliyekaa mbele ya skrini alikuwa Polycarp. Klara akitoa risiti alikuwa Polycarp, Mwanne akiagiza gari alikuwa Polycarp, na Polycarp mwenyewe alipoingia, programu haikuona tofauti yoyote.

Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, Mwanne Mzaramo wa Kisarawe, na Mnyamwezi na Mzaramo wakikaa chumba kimoja hapakaliki. Polycarp alimfichia Mwanne viatu. Naye Mwanne alimpigia simu mke wake, Winifrida, akamwita mke mwenza na kumuuliza zamu ya kupika ni ya nani. Zaidi ya yote walichezeana vitufe. Mmoja akienda kunywa maji, mwenzake anaingia Mipangilio na kuvuruga upau wote, na anayerudi anakuta Futa imekaa mahali pa Hifadhi. Kwa hiyo vitufe vilipoanza kuhama vyenyewe, hakuna aliyesoma dua wala kuita padri. Mtu na mtani wake wana mambo yao.

Ila msibani Mwanne hakufanya kazi yake. Mtani ndiye anayevaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akawachekesha wafiwa hata machozi yakakosa pa kupita, na ndiye mwenye ruhusa ya kusema mbele ya watu lile ambalo ndugu hawawezi. Mwanne alikaa mkekani siku tatu kimya. Watu walisema uchungu umemfunga mdomo. Uchungu ulikuwepo, tena mkubwa, lakini si huo uliomfunga.

Asubuhi ile ya Aprili, siku ya mwisho ya Polycarp, mvua ilikuwa kubwa na Jangwani ilikuwa imeanza kujaa. Bwana Shaibu alipiga simu akiwa nyumbani kwake, akaagiza Polycarp aende ghalani kupandisha juu maboksi ya chupa za chai. Mwanne akafungua programu, akabofya Tuma Mtu. Polycarp alichukua funguo na mwavuli, akaomba kitumbua kimoja cha njiani, na Mwanne akamnyima kwa utani. Alipatikana siku ya pili yake nyuma ya maboksi, maji yakiwa yamesukuma mlango ukajifunga.

Fomu iliyobaki ndani ya programu ilisema hivi: Aliyetuma, Polycarp. Aliyetumwa, Polycarp. Bwana Shaibu aliichapisha akaipeleka polisi, akaeleza kwa masikitiko kwamba kijana alijituma mwenyewe. Wenye midomo wakamalizia. Mtu anajituma ghalani siku ya mvua, peke yake, na funguo mfukoni, kufuata nini? Neno mwizi lilifika Magomeni, nyumbani kwake, kabla ya jeneza. Mtoto wake mkubwa, Beno, aligoma kwenda shule, na kwenye jumuiya wanawake walianza kumwachia Winifrida nafasi pana ya kukaa. Alichokuja kukiomba ofisini, mara tatu, kilikuwa karatasi moja yenye muhuri inayosema kwamba mume wake alitumwa. Bwana Shaibu alimpa kiti, akampa soda, akamwambia kwamba karatasi ilishasema.

Vitufe vilipozidi kusumbua, aliitwa Utsav, fundi wa kompyuta mwenye duka lake karibu na Mnazi Mmoja. Aliwaamkia wote, akakaa mbele ya skrini ya Mwanne, akakiangalia kishale cha mausi kikitembea taratibu ilhali mausi yenyewe imelala mezani. Kilifungua Mipangilio, kikahamisha vitufe viwili, kikahifadhi. Utsav akafungua orodha ya watumiaji ili alifute lile jina na kuweka mengine. Programu ikakataa.

"Huyu yupo kazini," alisema. "Mtumiaji akiwa ndani hafutiki. Msubirini atoke."

Mwanne alimuuliza atatoka lini. Utsav alijibu kwamba programu haina sehemu inayoonyesha hilo, akafunga begi lake akashuka ngazi.

Jumatano, kwenye orodha ya vitufe ambavyo mtu anaweza kuvichagua, kiliongezeka kimoja ambacho hakuna aliyekitengeneza. Kiliitwa Aliyetuma. Picha yake ilikuwa kisanduku kidogo cheusi chenye mstari wa maji kwa chini. Kufika saa sita mchana maji yalikuwa nusu ya kisanduku, na kufika saa nane kitufe kilikuwa kimeingia chenyewe kwenye upau wa kompyuta zote tatu. Klara, ambaye haachi kitufe bila kukijaribu, akakibofya. Printa ikatoa karatasi imelowa chapachapa, yenye harufu ya tope, na maandishi yakisomeka vizuri tu.

Aliyetuma: Mwanne. Kwa agizo la: Shaibu. Saa: nne na dakika ishirini asubuhi. Mvua: kubwa.

Klara aliisoma, akaianika chini ya feni, akaendelea na risiti. Baadaye akamuuliza Mwanne kama ni kweli, na Mwanne akasema ni kweli. Klara akasema pole.

Kuanzia hapo kila risiti iliyotoka ilikuwa na maneno yale mgongoni. Mama mmoja wa Mbagala aliyechukua mabeseni dazeni nne aliyasoma akiwa amesimama, akasema kumbe, kisha akauliza kama ya bluu yameshafika. Wapagazi waliyasoma kwenye ngazi huku mizigo ikiwa kichwani. Hadi Alhamisi jengo zima lilikuwa linajua nani alimtuma Polycarp. Walimwamkia Bwana Shaibu kama walivyomwamkia siku zote, naye aliitikia. Mwenye nguvu mpishe, na kwenye ngazi za Kariakoo mwenye nguvu anapishwa hata akiwa anashuka mikono mitupu.

Bwana Shaibu alimwita Mwanne akiwa hana hasira hata kidogo.

"Dada yangu, kile kitufe kiondoe."

"Hakiondoki, bosi. Nimejaribu."

"Basi kifiche. Halafu ukumbuke, jina la kwanza pale ni lako. Langu ni la pili."

Hilo Mwanne alikuwa analikumbuka kila alipolala na kila alipoamka. Akarudi kwenye Mipangilio. Kulikuwa na sehemu ya kupunguza urefu wa upau, ili vitufe visivyotumika sana vijikusanye chini ya kishale kidogo mwisho wa kulia, ambako hakuna mtu mwenye kazi zake anayekwenda kutafuta kitu. Akavuta, akahifadhi, akazunguka meza zote tatu. Safari hii vitufe havikubishana naye, vilikaa alipoviweka. Chini ya dawati la Polycarp kulikuwa na dimbwi dogo la maji ya udongo, na Klara akalitupia tambara.

Winifrida alikuja Ijumaa. Lisemwalo lipo, na yeye alikuwa amesikia sokoni kwamba ofisini kwa Shaibu kuna kitufe kinachosema. Hakwenda kwa Bwana Shaibu. Alivuta kiti hadi kwa Mwanne, akaweka kanga vizuri magotini, akaomba aonyeshwe. Bwana Shaibu alikuwa amekwenda kuswali. Mwanne aliutazama mlango, akakibofya kile kishale kidogo, akamfungulia. Kisanduku sasa kilikuwa kimejaa maji hadi juu. Winifrida akakibofya kwa kidole chake mwenyewe, na printa ikatoa karatasi. Aliisoma mara mbili. Kwenye jina la kwanza alikawia kidogo. Aliifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowanishe pochi, akatoka akiwa amenyoosha mgongo, jambo ambalo Mwanne hakuwa ameliona tangu msiba.

Kituo cha polisi askari aliikausha dirishani, akaisoma, akamwonyesha mstari wa chini kabisa, ule ambao programu huuweka yenyewe. Imechapishwa na: Polycarp. Askari hakuwa na shida na marehemu kuchapisha. Tatizo lake lilikuwa utaratibu, maana mtuhumiwa hawezi kujiandikia karatasi ya kujisafisha, awe hai au awe vipi. Alimwambia mama kwa upole kwamba inatosha apate saini moja ya mtu aliyekuwepo, kwa kalamu ya kawaida, na faili litabadilika siku hiyohiyo.

Jumatatu Winifrida akarudi. Bwana Shaibu alikuwa ndani, mlango wake ukiwa wazi, na kiti chake kilikuwa kinalia kila alipogeuka. Winifrida aliiweka karatasi mbele ya Mwanne, ikiwa imekauka na kujikunja kama chapati ya jana.

"Mke mwenzangu," alisema, "sikuja kukulaumu. Ulibofya ulichoambiwa. Weka tu jina lako hapa chini, watoto wangu warudi kuwa watoto wa mtu."

Mwanne akachukua kalamu. Kiti cha Bwana Shaibu kiliacha kulia. Tone la maji likasikika likidondoka chini ya dawati la Polycarp, kisha jingine. Mwanne alijua kwamba akiandika jina lake ataulizwa swali moja tu, kwa nini alikaa kimya siku zote hizi, naye jibu alikuwa nalo, kwamba aliacha jina la mwenzake lichafuke ili lake lisitajwe, na aliliogopa kuliko kufukuzwa kazi. Alimpenda Polycarp kama anavyopendwa mtu anayekufichia viatu. Akaishusha kalamu.

"Kalamu haina wino, dada," alisema. "Njoo kesho."

Kalamu ilikuwa na wino. Klara aliuona ndani ya plastiki, na Winifrida aliuona. Lakini Winifrida alikuwa anamtazama usoni kwa sababu ya lile neno lingine, maana kwa miaka minne Mwanne hakuwahi kumwita dada.

"Haya, dada," Winifrida alisema. Akaikunja karatasi, akashukuru kwa muda wake, akashuka.

Kiti cha Bwana Shaibu kikaanza kulia tena. Mwanne akarudi kwenye skrini kumalizia oda ya ndoo za Morogoro, na hapo ndipo alipoona kwamba Chapisha imerudi kulia, jirani na Tafuta. Vitufe vyote vilikuwa vimepangwa anavyovipenda yeye, kimoja baada ya kingine, hata vile ambavyo alikuwa ameshakata tamaa navyo. Ili kujaribu, aliitoa Futa akaiweka makusudi mahali pa Hifadhi, akasubiri. Haikusogea.

Polycarp hakuondoka ofisini. Kesho yake alimvurugia Klara upau wote, ingawa yeye na Klara hawakuwahi kutaniana, na Klara akalalamika huku anacheka. Utsav naye alikuja tena, akakuta mtumiaji bado yupo kazini, akaondoka. Siku za mvua printa hutoa karatasi zenye unyevu, na wateja wameshazoea kuzipepea kidogo kabla ya kuzitia mfukoni.

Kwa Mwanne hakuna kilichohama tena. Anapokwenda kunywa maji huacha skrini wazi, wakati mwingine hukawia kwenye korido kwa makusudi, na akirudi hukuta kila kitu kipo kama alivyokiacha. Wateja wanamsifu kwamba siku hizi ana kasi. Siku moja saa sita mchana alilia mezani, waziwazi, akamwambia Klara kwamba mtani wake amemsusa, na Klara akamsukumia kitambaa. Kisha akaingia mteja wa mabeseni, Mwanne akafuta uso, akamuuliza anataka dazeni ngapi.