Dokta Bila Sindano

Wewe unayesoma, tegua hii mbele ya kuendelea: mu chupa iko kimya, mu tumbo inahubiri. Ni nini?

Lutuku, ile pombe kali ya kupikia ku nyumba. Kama ulikosa, ubarikiwe. Mutoto wangu Paulin hawezi kukosa. Hakuna kilio cha matanga mu mutaa wetu wa Katuba kinachopita bila yeye. Bantu benye hajui hata majina yabo, anabalilia. Anarudia na matope ku magoti, ananiambia, "Mama, leo tulizika muntu mukubwa." Jana pia alikuwa muntu mukubwa. Mu Katuba yetu, inaonekana, badogo habakufi.

Bibi yake wa ndoa, Albertine, akachoka. Alibeba batoto, akaenda kwabo Kasomeno, akaacha neno moja: akimaliza matunzo ya kuacha lutuku, nitarudia, asipomaliza, asinifuate.

Matunzo yenyewe iko mu telefone. Laurentine, dada ya Paulin anayetumika kule Luano ku kiwanja cha ndege, njo alimutafutia. Dokta anaitwa Franck, kijana wa mashavu laini, anakaa mu kioo kama picha ya pasipoti. Hana sindano, hana kidonge, hana hata muzizi wa kutafuna. Iko na maulizo. Eti wazo linatangulia, chupa inafuata. Ukilikamata wazo, chupa inakosa miguu. Mimi nilisoma mupaka darasa la tano tu, lakini sijaona wazo likitapika ku mulango wangu.

Mikono ya Paulin inatetemeka, basi ni mimi ninamushikia telefone. Yeye anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku alipoanguka na kiti kikavunjika, vingine vyote niliviingiza mu chumba changu. Kiti ni cha muntu. Uji ninamupikia kila asubuhi, sababu nilimuzaa. Lakini ni uji, haiko heshima.

"Papa Paulin," Franck akasema, "kila mara unanijibu kilio, kilio. Kule ku kilio unapata nini chenye hupati ku nyumba?"

"Lutuku," nikajibu mimi.

"Mama, tafazali, umuachie yeye."

Paulin akacheka kidogo. "Dokta, mimi ninaenda kufariji bafiwa."

"Bafiwa gani?" nikamuuliza. "Juzi ulilia 'mama yangu, mama yangu', na mu sanduku mulikuwa muzee wa ndevu."

Franck hakucheka. "Bila jibu hatuwezi kuendelea, Papa Paulin. Ninangoja."

Akangoja kweli, macho wazi mu kile kioo, kama muntu anayechunga sufuria ya maharagi. Nikamuonea huruma ya bure.

"Mwanangu," nikamuambia, "unaangalia mulevi, hauangalii Biblia. Hakuna kitu kimeandikwa pale."

Paulin akainamisha kichwa. Nikajua anachagua uongo. Iko nao wa kujaza lori mupaka Mitwaba.

"Albertine naye anangoja," Franck akasema polepole. "Unapata nini kule?"

Ndoo ikalia chini ya Paulin. Hakuangalia telefone. Hakuniangalia mimi. Aliangalia mulango wa chumba changu, ule wenye ninafungaka na kufuli.

"Nikiingia ku kilio," akasema, "bananiletea kiti."