Alama za Shimwa Mlangoni

Kila Julai, Jumamosi ya kwanza, Kabagwira wa mtaa wa Niboye hununua kopo la rangi ya maziwa na kupaka mwimo wa mlango wa sebule. Majirani husema mama yule ni msafi. Ni msafi kweli, lakini anapaka kwa sababu ya alama.

Alipofika kutoka ukimbizini Karagwe mwaka 1994, vita vilipokwisha, na bintiye Mukunde, wa miaka mitano, nyumba ilikuwa wazi, wenyewe wamekimbia. Kwenye mwimo kulikuwa na mistari ya penseli ya kumpima mtoto kimo, na wa juu kabisa umeandikwa: Shimwa, miaka 7. Wakaingia, wakakaa. Wenyewe hawakurudi. Julai iliyofuata ukatokea wenyewe mstari mpya, vidole vitatu juu zaidi: Shimwa, miaka 8; na kila Julai mwingine. Mwandiko ulikuwa umenyooka kidogo.

"Afadhali, anasoma," Kabagwira alisema, akaenda kununua rangi.

Wageni waliowahi kuiona alama waliuliza Shimwa ni nani. Kabagwira alimvuta bintiye begani. "Si huyu hapa? Ni jina lake la nyumbani." Mukunde akaitika jina hilo mpaka likamkaa. Kila mwaka alisimama penye mwimo, akajikuta mfupi kuliko jina lake. Mlango ule aliuogopa, jamani. Akipita, alipita mbio.

Shimwa alipofikisha miaka kumi na tisa aliacha kurefuka, kama watu wote. Alama zikatulia. Kabagwira aliendelea kupaka kwa mazoea tu, na watu wa nyumba ile wakapata usingizi.

Mwaka huu Mukunde, ambaye sasa ni mwalimu, ameandika kitabu cha maisha yake. Mchapishaji wake ni Rodney, mtu aliyekulia Kampala, mwenye chumba cha mashine kule Kimisagara. Jumamosi ile ya Julai akapiga simu asubuhi.

"Dada, hii sura ya mlango iko nzuri sana. Lakini hujasema alama ni ya nani. Niambie leo, kesho nachapa."

Mukunde akaenda uani, alikokuwa mama yake akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, nataka kuandika kwamba alama ni za mwenye nyumba."

"Andika. Akisoma akaja, mimi na miguu hii nikalale wapi?" Kabagwira hakuinua macho. "Na wewe utakuwa nani? Wee, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Nataka kujua mimi ni nani, Mama. Ndiyo maana naandika."

"Wewe ni mwanangu. Hiyo haitoshi?"

Wakaingia ndani kupaka, mama na ungo wake mkononi. Mwimo ulikuwa na mstari mpya, chini, usawa wa paja: Umuhoza, miaka 2. Mwandiko ulikuwa wa Shimwa. Walikuwa wameusoma tangu akiwa mtoto wa shule, wasingeweza kuukosea.

"Amezaa," Kabagwira alisema. "Mungu amkuzie." Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika sebule nzima, na hakuinama kuyaokota.

Mukunde alilisoma tena jina la mtoto. Kwa hiyo Shimwa yupo. Mahali fulani mwanamke mzima anamsimamisha mtoto wake wima, anamwambia asisogee, na anajua vizuri ni mwimo gani anaouandikia. Hofu ya utotoni ilimrudia yote, na safari hii hakuwa na pa kupita mbio.

Akampigia Rodney.

"Andika ni zangu," alisema. "Andika nyumbani waliniita Shimwa."

"Sawa, dada. Hiyo iko safi kabisa."

Akakata simu. Mama yake alikuwa ameshachovya brashi. Mukunde akaichukua, kwa mara ya kwanza tangu wafike Niboye, akachuchumaa, akalipaka jina la mtoto. Lilionekana bado. Akalipaka tena.

Rangi iliyobaki aliifunika vizuri, akafuta mdomo wa kopo, akaliweka nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka miwili bado ana kurefuka kwingi.