Maziwa Tu

Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya kushona. Lakini usicheke: alipojifungua, Sindano huyo alipata kifua ambacho hata ng'ombe angekionea wivu. Mtoto akinyonya titi hili, lile linachuruzika lenyewe kama bomba bovu.

Alikuwa na nia moja tu: mwanawe asionje kingine mpaka atimize miezi sita. Wa kwanza alianzishiwa uji mapema, akaharisha, akazikwa hajaota hata jino.

Kliniki muuguzi alimgeukia mama mkwe wa Sindano. "Bibi, safari hii mjukuu ni maziwa tu. Si maji, si uji. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Haya masikio si mapambo."

Bibi huyo alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alimwita mume wangu, na Sindano akawa mke mwenza. "Mke mwenzangu, leo mume kanichekea mimi. Nenda kanune huko!" Sindano alicheka mpaka akashika mbavu.

Likizo ya uzazi haijaisha, tajiri wa karakana akamwita: sare za shule zimerundikana, asipokuja kiti chake kitakaliwa na mwingine. Sindano akawa anakamua maziwa alfajiri, anayaacha kikombeni, anayafunika kwa kisahani. Mchana gauni linalowa kwenye cherehani, wenzake wanamtania, "Shoga, umefungua kiwanda?" Anacheka nao, huku kifua kinawaka moto. Akirudi anakuta kikombe kitupu na mtoto kashiba, kalala. Moyo unatulia.

Kisha mtoto akaanza kuligomea titi. Analigusa kwa ulimi, anageuza uso, anarusha mateke.

"Mama, huyu ana nini?"

Mama mkwe akaingia jikoni, akarudi na chupa yenye chuchu. Hakuificha, aifiche ya nini? "Anataka haya ya ng'ombe. Ndiyo aliyoyazoea."

"Na yangu niliyokamua?"

"Yale nilikuwa namwaga. Maziwa yaliyolala kikombeni si maiti hayo? Halafu majirani hawaniachi nipumue: mtoto analia njaa, maziwa ya mama yake mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nikamtafutia mazito."

"Mama, muuguzi si alikwambia!"

"Alisema maziwa tu, na mimi nimempa maziwa tu! Uji hajauona. Uji ndio uliotuulia yule wa kwanza, ningethubutu? Maji sijampa hata tone. Wallahi!"

Sindano alishafungua mdomo agombe. Akauona uso wa yule mama, umejaa fahari kama wa mtoto aliyepata mia kwa mia, unangoja kusifiwa. Akakaa chini, akamkamulia mtoto midomoni, akamwimbia, akamtembeza chumba kizima. Mtoto akayatema. Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Baba mtoto akachungulia mlangoni. "Si umpe tu hiyo chupa? Unashindana na mtoto?"

Akaondoka, maana alishamaliza kusaidia.

Mama mkwe alikuwa bado kasimama, chupa mkononi, fahari inamtoka usoni kidogo kidogo. "Kwani yule muuguzi," akauliza kwa sauti ndogo, "alikuwa anasema maziwa ya nani?"

"Yangu, mama."

Yule bibi akajishusha mpaka sakafuni, akavuta khanga usoni, mabega yakaanza kutikisika.

Mtoto sasa alikuwa analia kwa kwikwi tu. Sindano akanyoosha mkono, akaichukua chupa mwenyewe. Akadondosha tone nyuma ya kiganja kupima moto, akamtia mtoto chuchu ya mpira mdomoni. Kilio kikakatika hapo hapo. Akanyonya kwa pupa, kafumba macho, kama mtu aliyefika kwao.

"Hatatufia huyu, eti mwanangu?" mama mkwe akauliza ndani ya khanga.

Sindano alimsikiliza mwanawe anavyomeza, funda baada ya funda.