Jozi za Tlaytmas

Tlaytmas alikuwa amekaa kizingitini akichana kanzu kuukuu ya marehemu mumewe vipande vyembamba vya kufumia zulia, chungu cha dengu na boga kikitokota ndani, jozi ya kwanza, tunda la mjozi, ilipofika. Ilikuwa bado imo ndani ya ganda lake la kijani. Ilitoka bondeni kando ya mfereji, ikapanda njia ya mawe kwa kubingirika, ikapita msikitini, ikapita zizi la mbuzi wa jirani yake Kelthoum, ikagonga kidole chake cha mguu na kutulia. Aliitazama akaijua. Ilitoka kwenye mjozi wa tatu, ule unaoinamia maji, ambao jozi zake huwa na doa la njano kwenye kikonyo.

Akasogeza mguu ili zilizofuata zipite.

Kufikia alasiri kapu kubwa lilikuwa limejaa, nyingine zikajipanga chini ya mtambo wa kufumia. Njiani watu walizipisha kama wanavyopisha kondoo. Wanaume waliokuwa bondeni wakiipiga mijozi kwa fito ndefu waliona kwamba jozi za miti miwili zinaanguka na kukaa, za mti wa tatu zinaanguka na kuondoka, wakaendelea kupiga.

Baba yao Tlaytmas na Hsain aliacha mijozi mitatu na watoto wawili. Sheria inajulikana hata na mbuzi: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Miwili ya Hsain, mmoja wa Tlaytmas, hapahitajiki kadhi hapo. Lakini kule milimani sheria hukaa msikitini, na desturi ndiyo hulala na watu nyumbani. Msiba ukiisha, binti husimama mbele ya jamaa akasema amemsamehe ndugu yake fungu lake. Akishasema, mlango wa ndugu yake uko wazi kwake siku zote, afiwe, aachwe, ama agombane na mawifi. Asiposema, watu husema amemla ndugu yake. Tlaytmas alisema, na sauti yake haikutetemeka. Jina lake lenyewe maana yake ni kwamba anao ndugu zake wa kiume. Baba alimpa akitamani mwana, mwana akaja, naye Tlaytmas akambeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea.

Jioni Hsain alikuja na punda na magunia.

"Dada, naona zimekuja kwako."

"Zimekuja."

"Zisikusumbue. Nitakuwa napita kuzichukua."

Alikaa, akanywa chai, akamuuliza kuhusu goti lake. Hsain hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeziba dari lake lilipovuja, na hakwenda sokoni bila kumletea sukari. Tlaytmas akamenya jozi zile moja moja, kwa kuwa punda asingeweza kubeba na maganda, na utomvu wake ukamtia weusi mikononi mpaka kwenye vifundo. Hsain akafunga magunia.

"Maganda nakuachia," alisema. "Hayo ya kwako. Wewe unajua kuyatumia."

Kweli alijua. Aliyachemsha kwenye debe tupu la mafuta, akatumbukiza vitambaa, akapata rangi ya kahawia ya kila namna, kuanzia ya mkate ulioiva hadi ya punda aliyelowa. Nyumbani mwake hakikutupwa kitu. Soksi iliyotoboka iliingia kwenye zulia, gunia la unga likawa pazia, mbegu za boga zilikaangwa kwa chumvi, maganda ya komamanga yalikaushwa kwa ajili ya tumbo. Mazulia yake ya matambara aliyauza kwa mchuuzi wa barabarani, aliyesema kila mwaka kwamba watu hawayataki tena, na kila mwaka akayachukua yote.

Kelthoum alikuja kuazima chekeche, akalisahau alipoona kapu limejaa tena.

"We mwanamke, utazimenya tu ama utakula?"

"Si zangu."

"Zimepanda mlima, zikapita kwangu bila hata salamu, zikaja kugonga kwako. Kwani zimepotea njia?"

"Nilimsamehe Hsain."

"Ulisamehe wewe. Jozi hazikusamehe."

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Watu gani? Imamu mwenyewe nimemwona kwa macho yangu, kainua kanzu mpaka magotini zisimwangushe. Kasema, 'Kila kitu humrudia mwenyewe,' kisha kaingia kuswali." Kelthoum akatwaa jozi moja, akaipasua kwa jiwe, akaitafuna bila haraka. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tamu hii! Haya, chekeche liko wapi?"

Tlaytmas alimpa chekeche. Kelthoum alipoondoka, Tlaytmas aliokota kipande kilichodondoka chini, akakitia mdomoni. Akakitafuna polepole, kwa sababu hakuwa amewahi kuonja jozi ya mti ule tangu baba yake afe, na ladha ilikuwa ileile.

Vuli ikaendelea. Alikausha tini akazitunga kwenye uzi. Alikata nyanya za mwisho akazianika juu ya paa, akashindilia zeituni kwenye mitungi kwa chumvi na ndimu. Jozi zikaja kila siku mpaka mti ukaisha, Hsain akazichukua kila siku, na mikono ya Tlaytmas ikabaki myeusi. Hakuna aliyezungumza habari zile. Kijiji kizima kilifunika kombe, na kombe lenyewe likawa linapanda njia mchana kweupe.

Siku ya kufunga gunia la mwisho, Hsain alibaki kula.

"Kijana wangu Bihi anaoa baridi ikipita," alisema. "Lazima nimjengee chumba."

"Mungu ampe heri."

"Nimepata mnunuzi wa mbao. Kaupenda mti ule wa mferejini. Shina lake nene."

"Ule wa mferejini," alisema Tlaytmas.

"Ule." Akapangusa sahani kwa mkate. "Dada, dengu zako utadhani kapika mama."

Tlaytmas aliosha vyombo, akaviosha tena. Aliutaka mti ule, tuseme tu wazi. Aliutaka kwa njaa, maana jozi za msimu mmoja zingemvusha baridi bila kuchana matambara mpaka vidole viote sugu. Na aliutaka hata kama usingezaa kitu. Alikuwa ameishi kwenye nyumba ya baba, kisha ya mume, kisha hii ya mume marehemu ambayo mashemeji walimwachia kwa hisani, na alitamani kabla ya kufa aketi chini ya kitu chake.

Wiki hiyo mjozi ukang'oka.

Ulipanda polepole, majani yake yakiwa yamegeuka manjano, mizizi ikijivuta kwenye matope, kisha kwenye mawe. Ulichukua siku kadhaa. Wanawake walianua nguo ili matawi yapite, na palipobomoka ukuta mwenye ukuta aliujenga tena. Kelthoum alihamisha mbuzi wake. Kule bondeni mfereji ulibadili mkondo kidogo, na wenye zamu ya maji wakarekebisha zamu.

Asubuhi Tlaytmas alipofungua mlango, mti ulikuwa uani. Ulikuwa umepinda tawi moja usivunje dari. Alisogeza mtambo wake wa kufumia chini yake. Alitundika mashada ya tini kwenye matawi ya chini na vitambaa vya rangi kwenye ya juu, vikauke. Alifagia majani yakapukutika mengine, akafagia tena akicheka. Aliketi pale kufuma, na mchana alipikia pale pale nje, uji mzito wa shayiri na mafuta ya zeituni, akala akiwa ameegemea shina. Kelthoum aliyemkuta hivyo alisema hajawahi kumwona akinenepa namna ile.

Hsain akaja na mnunuzi, mtu wa mjini mwenye msumeno wa mashine na wasaidizi wawili. Mnunuzi aliuzunguka mti, akapiga shina kwa kiganja, akachungulia barabara iliyopita nyuma ya ua.

"Afadhali," alimwambia Hsain. "Nilikuwa najiuliza gogo hili tutalipandisha vipi kutoka bondeni. Hapa lori linafika kabisa."

"Na mizizi bado haijashika," alisema msaidizi mmoja.

Hsain akamgeukia dada yake kwa furaha ya kweli. "Umeona? Imekuwa nyepesi kwa kila mtu."

Watu walikuwa wameshajaa ukutani, imamu akiwemo. Tlaytmas alianua tini zake, akaanua vitambaa vyake, akavikunja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilifika mpaka barabarani:

"Hsain. Huu mti ni wangu."

Hakuna aliyebisha. Kelthoum alifumba macho. Hsain aliukung'uta vumbi mkono wake, akauweka begani kwa dada yake.

"Najua, dada. Nani asiyejua? Umekuja wenyewe hadi hapa, nani atakataa?"

"Basi?"

"Basi ulinisamehe. Mbele ya hawa hawa. Na mimi nimekusahau hata siku moja?"

Tlaytmas alifikiri. "Hujanisahau," alisema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Wamesema vizuri, wote wawili," alisema imamu.

Msumeno ukawashwa. Mti haukufanya lolote. Ulikuwa umeshafanya uliloliweza. Tlaytmas aliingia jikoni akapika kuskusi ya shayiri na maboga, kwa kuwa watu wakifanya kazi uani mwako hawaondoki na njaa. Alipika huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni. Watu wanne walikula wakashiba. Mnunuzi alisema mjini hakuna chakula kama kile.

Lori lilipoondoka Hsain hakwenda nalo. Aliomba jembe. Alichimbua kisiki, akakata mizizi iliyokuwa ikianza kuingia chini ya kizingiti, akaukusanya unga wa mbao. Kisha akabeba udongo kwa kapu, safari baada ya safari, mpaka jasho likamlowesha mgongo, akalifukia shimo na kulishindilia kwa miguu yake mwenyewe, huku na huku, kwa makini.

"Nisingependa uanguke hapa ukienda kuchota maji," alisema.

Alilisawazisha vizuri sana. Tlaytmas alipapitia mara moja, akaona mguu haupati hata kibonde, akamshukuru ndugu yake.