Njiwa wa Mama Jua

Watu hudhani muuza jua hachoki. Mali yake huchomoza yenyewe kila asubuhi, haipakiwi kwenye lori, haitozwi ushuru wala haiozi. Ndivyo walivyodhani wateja wa Mama Jua, na ndiyo maana hakuna aliyeona vibaya kumpigia simu akiwa bado ana mswaki mdomoni. Asubuhi ile wa kwanza alilalamika kwamba taa haziwaki. Alipoulizwa kama amewasha swichi, akakata simu. Wa pili alitaka paneli moja iendeshe friji, televisheni na pasi, na kama ingebaki nguvu basi na feni. Wa tatu alikuwa dada yake wa kuzaliwa, mkunga mkuu wa zahanati ya mtaa, na huyo hakuwa na utani.

"Mtoto amezaliwa nikiwa nimebana tochi ya simu kwa meno," dada alisema. "Kamati ya zahanati inakaa leo mchana. Safari hii njoo mwenyewe, usinitumie mafundi wako."

Mama Jua alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na mswaki mkononi. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na hata masikio yalimuuma kwa simu. Lakini alijua maana ya kikao kile. Zamani alipoanza biashara ya sola, watu walimcheka mpaka wakashika mbavu: jua liko bure, huyu mwanamke anauza nini, kivuli? Hawakuacha kucheka mpaka walipoona madirisha ya zahanati yakiwaka mtaa mzima ukiwa gizani. Hapo ndipo walipoanza kumbishia hodi mmoja mmoja. Sasa kamati ilikuwa imesema wazi kwamba taa za chumba cha kujifungulia zikizimika tena, paneli zinateremshwa na jenereta linarudi. Zikiteremshwa, mtaa wote utaziona zikiteremka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye hakuwa na nguvu za kukimbizana na kibaya kikishaanza kutembea.

Kabla ya kutoka alipita uani, akalitazama kwa mbali banda la njiwa. Hapo lazima nieleze, maana kwenye kazi yake walikuwa wachache waliojua. Mama Jua alipenda njiwa kuliko kitu chochote kisicho binadamu. Alianza kuwafuga akiwa msichana, na katika maisha yake yote njiwa ndio kitu pekee ambacho hakuwahi kukiuza. Banda alilijenga mwenyewe kwa mbao za makasha ya paneli. Kila njiwa alimvisha mguuni pete ya ganda la waya: nyekundu kwa dume, nyeusi kwa jike, chanya na hasi, ili asihangaike kukumbuka. Mumewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani, alisema mke wake akiachiwa ataunganisha waya hata kwenye nzi. Yeye na njiwa hawakuwa wakipatana tangu siku walipomharibia koti la bwana harusi, begani, saa chache kabla ya sherehe.

Siku hizo banda lilikuwa tupu. Njiwa walikuwa wamepungua mpaka wakaisha, na Mama Jua aliamini ni mwewe.

"Mwewe gani huyu," mumewe aliwahi kumuuliza akitunga uzi, "anayechukua wawili wawili, dume na jike, kama anawaoza?"

Alikuwa amechoka, na aliyemuumiza zaidi kwa kupotea alikuwa Bi Harusi, jike jeupe lote tangu kichwa hadi mkia, aliyezoea kumtua begani. Kwa Bi Harusi alilia kweli, uani peke yake, akajipangusa kwa kanga na kwenda kazini. Alikuwa akitoka jua likichungulia na kurudi likiwa limeshazama. Mtu wa jua, na jua la nyumbani kwake halijui.

Zahanati ilikuwa imemsumbua kwa muda. Kwanza taa zilififia alfajiri, kisha friji ya chanjo ikaanza kulia kama mtoto. Alibadilisha betri. Alibadilisha kidhibiti cha chaji. Alifungua kila kiungio cha waya na kukikaza upya. Alipoishiwa akawageukia wauguzi, akawaambia mbele ya wagonjwa kwamba wanachomeka jagi la chai kwa siri. Dada yake alikaa siku nyingi bila kumsemesha. Sehemu moja tu hakuitazama, nayo ni juu. Alikuwa na kanuni yake aliyowafundisha mafundi wote: betri huzeeka, waya hulegea, watu hudanganya, lakini paneli haiugui. Mafundi wakamwamini, maana bosi ni bosi, nao wakawa wanatazama paneli kutoka chini na kusema ziko safi.

Safari hii hapakuwa na kitu kingine cha kubadilisha. Aliomba ngazi. Dada akaja kuishika mwenyewe, akiwa bado na aproni. Mama Jua alipanda pole pole, akipumzika kila baada ya vidato viwili, akijiambia kwamba wanawake wa rika lake saa hizi wamekaa vivulini wakisukana nywele.

Alipofika juu alisimama. Upande unaoonekana kutoka chini, paneli zilikuwa za buluu safi. Ukingo wa chini, uliojificha nyuma ya paa la veranda, ulikuwa umepakwa mavi ya ndege, meupe, yaliyokauka tabaka juu ya tabaka kama chokaa. Hakuhitaji kupima. Paneli zilizoungwa mfululizo ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani: mmoja akisinzia, wote wamesimama. Hapo hakuwa amesinzia mmoja, ilikuwa safu nzima.

Akainama kutazama chini ya paneli, kwenye upenyo kati ya kioo na bati. Kulikuwa na viota vimebanana, vimesukwa kwa majani makavu, vipande vya waya walivyoviacha mafundi wake, na nyuzi. Nyuzi zile alizijua. Za zambarau zilitoka kwenye magauni ya wasimamizi wa harusi ambayo mumewe aliyashona barazani. Kisha kitu cheupe kikatoka kivulini, kikajikung'uta, kikamtazama kwa jicho moja. Mguuni kilikuwa na pete nyeusi.

Alifurahi kwanza, tuseme ukweli. Alifurahi mpaka akasahau ngazi, kamati na magoti. "Bi Harusi," alisema, akanyoosha bega kama zamani. Njiwa hakutua. Alisogea hatua mbili pembeni, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni njiani.

Akatoka mwingine, pete nyekundu. Akatoka mwingine na mwingine. Wakafuata makinda yaliyokomaa ambayo hayakuwa na pete yoyote, yaliyozaliwa hapo juu na yasiyojua kwamba kuna banda mahali. Mama Jua aliinua macho akatazama mtaa. Aliyajua mapaa yake yote, maana aliyapanda yote au alilipa watu wayapande. Juu ya duka la dawa kulikuwa na njiwa. Juu ya shule ya chekechea kulikuwa na njiwa. Hapakuwa na mwewe. Miaka yote hiyo, kila alipofunga paneli, alikuwa amewajengea njiwa wake nyumba, yenye kivuli, isiyofikiwa na paka, na wao walikuwa wamehama wawili wawili kadiri biashara ilivyokua. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa na pete aliyoivisha mwenyewe.

Aliteremka akakaa kwenye kidato cha mwisho. Alimwambia dada yake alichokiona, akitazama chini. Dada hakushangaa hata kidogo.

"Niliwaona kila siku," alisema. "Akina mama wakisubiri uchungu nawatoa uani wawatupie mtama, inawatuliza. Nikajua unajua. Wana pete zako."

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Ningekuambia saa ngapi, mdogo wangu? Ukija hapa unasalimia betri."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alitaka kujitetea, lakini ni kweli hakukumbuka mara ya mwisho alipokunywa hata maji katika nyumba ya dada yake. Alirudi juu na ndoo na brashi, akasugua ukingo wote mpaka mikono ikafa ganzi. Aliposhuka na kutazama kipimo, umeme ulikuwa umepanda kama siku ya kwanza.

Hapo akajaribiwa. Kamati ilikuwa ikiingia, na hakuna aliyejua kilichotokea isipokuwa dada yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akipangusa mikono iliyokwisha kukauka. Angeweza kusema kulikuwa na waya umelegea. Wangeitikia, wangekunywa chai, wangeondoka. Lakini viota vingejengwa tena kesho, na siku moja dada yake angebana tena tochi kwa meno, na mzazi labda asingekuwa na bahati. Akasimama akawaambia: ni njiwa, na njiwa wenyewe ni wangu. Akawaomba radhi wauguzi kwa habari ya jagi. Muuguzi mmoja akajibu taratibu kwamba jagi lenyewe lilikufa tangu mwaka jana, na kicheko kikawapitia wote.

Mjumbe mmoja aliuliza kama njiwa hao hawafai kwa mchuzi. Mwenyekiti, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alisema paneli zibaki, ila pande zote zizibwe kwa wavu wa chuma, tena siku hiyo hiyo, na kwamba kwa bahati njema dukani kwake wavu upo. Hivyo Mama Jua akawa ameokoa zahanati yake. Hakuhisi furaha aliyoitegemea. Alihisi kuchoka tu.

Wavu aliufunga mwenyewe, na mafundi wake wakimpasia nati. Alitoa viota kimoja kimoja. Vilikuwa na maganda ya mayai tu, ashukuriwe Mungu. Njiwa walikaa ukingoni mwa paa wakimtazama akifunga milango yao. Bi Harusi alijaribu kupenya, akagonga wavu kwa kifua, akarudi nyuma, akajaribu tena upande wa pili. Mama Jua aliacha kazi akageuza uso mpaka mlio ule ulipokoma. Kesho ingekuwa zamu ya duka la dawa, keshokutwa shule ya chekechea, kisha mapaa yote yaliyobaki. Fundi mmoja akauliza ndege hawa sasa watalala wapi. Swali hilo Mama Jua alikwenda nalo.

Siku hiyo alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya ukuta. Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akatazama saa, akamuuliza nani amefariki. Mama Jua alisema hakuna, akapita moja kwa moja uani.

Banda lilinuka. Chombo cha maji kilikuwa kimekauka na kupasuka katikati, na mlango mdogo wa kuingilia ulikuwa umeanguka ukaziba tundu, hata njiwa aliyetaka kurudi asingeweza. Mlango ulianguka lini, hakujua. Alichukua jembe bovu akaanza kukwangua sakafu, na alipokwangua machozi yakawa yanamtoka bila kelele. Mumewe alitokea mlango wa jikoni, amebeba jagi la maji na bakuli la zamani. Akaviweka chini, mbali kidogo na uchafu, kwa sababu ya suruali yake.

"Ulijua," Mama Jua alisema.

"Nilijua. Nilikuambia mara mbili tatu." Akajitoa uzi begani. "Ila wewe ulitaka iwe mwewe."

Akarudi ndani kuwasha jiko. Mama Jua alimaliza kukwangua, akasimamisha mlango mdogo, akalijaza bakuli maji. Kisha akatwaa kopo la mtama, akalitikisa kama alivyokuwa akifanya zamani. Mkono ulimuuma mara moja. Simu ikaita mfukoni, ikaita tena. Yule wa friji na pasi. Akaiacha iite.

Jua lilipogusa paa la jirani, weupe ukapita juu ya ua, ukazunguka, ukapita tena. Bi Harusi alitua kwenye kilele cha nyumba. Hakushuka. Alikaa pale akilitazama banda, akamtazama na mwanamke aliyesimama chini yake na kopo mkononi, kama mpangaji aliyewahi kuumizwa na mwenye nyumba. Mama Jua aliendelea kutikisa, pole pole, maana nguvu hazikuwapo.

"Nipo," alimwambia. "Leo nipo."

Sauti ya mumewe ikatoka jikoni, katikati ya mlio wa sufuria.

"Unasema na mimi?"

Mama Jua aliutazama mlango ule uliofunguka nusu. Mle ndani, miaka mingi, mtu alikuwa akila peke yake na kumfunikia chakula chake kwa sahani. Hakuwahi kumlaumu mwewe kwa hilo. Hakuwahi hata kulihesabu kuwa hasara.

"Na wewe pia," alisema.

Sufuria zikanyamaza. Kisha akasikia kabati likifunguliwa, na sahani ya pili ikiwekwa mezani. Juu ya paa, Bi Harusi alikuwa bado hajaamua.